Kuhesabu Watu wa Benki na Bima Dar es Salaam

Benki ya kibiashara ya Wajerumani, Deutsch-Ostafrikanische Bank, ilianza kazi Dar es Salaam mwaka 1905 na ikapewa mamlaka ya kutoa noti za rupia. Baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916, nafasi yake ilichukuliwa na benki za Kiingereza, na bima ikauzwa na mawakala wa kampuni zenye makao ng'ambo. Ofisi zilipangwa kwa rangi: meneja Mzungu, karani wa vitabu Mhindi au Mgoa, tarishi na mlinzi Waafrika. Takwimu za ajira za kikoloni nazo ziliwapanga watu kwa rangi kabla ya kuwapanga kwa kazi.

Hata baada ya uhuru, karani wa benki hakuwa na fungu lake. Mwainisho wa kimataifa wa shughuli za kiuchumi wa mwaka 1958 uliweka benki na bima ndani ya biashara, pamoja na maduka ya jumla na rejareja. Toleo la 1968 liliwatoa watu wa benki na bima humo, lakini likawaunganisha na wenye nyumba za kupangisha, mawakili na wahasibu. Kwa hiyo anayesoma majedwali ya zamani akidhani anaona wafanyakazi wa benki peke yao, anaona pia watu wa kazi nyingine kabisa.

Mabadiliko makubwa yalikuja siku moja tu baada ya Azimio la Arusha. Tarehe 6 Februari 1967 Rais Nyerere alitangaza kutaifishwa kwa benki, na zikaunganishwa kuwa Benki ya Taifa ya Biashara, NBC, chini ya Amon Nsekela. Shirika la Bima la Taifa, lililoundwa 1963, likapewa soko lote la bima. Wataalamu wengi wa kigeni waliondoka, na vijana waliokuwa makarani wakajikuta mameneja. Chuo cha Usimamizi wa Fedha kilianzishwa mwaka 1972 kuziba pengo hilo.

Kwa mhesabu, miaka hiyo ilikuwa ya raha. Waajiri walikuwa wachache, wengi wao wakiwa na makao makuu katikati ya jiji, na orodha ya mishahara ya NBC peke yake ilieleza sehemu kubwa ya sekta. Urahisi huo ulificha jambo moja: idadi iliongezeka bila kuonyesha kama kazi imeongezeka. Matawi yaliyofunguliwa kwa agizo la serikali yalihitaji watu, yawe na wateja au yasiwe nao.

Tume iliyoongozwa na Charles Nyirabu ilipendekeza mageuzi ya benki, na sheria ya 1991 ikaruhusu benki binafsi. Standard Chartered ilirudi mwaka 1993. NBC ilipunguza watu, ikafunga matawi, na mwaka 1997 ikagawanywa. Humo ndimo ilimozaliwa benki ya NMB. Hisa nyingi za sehemu iliyobaki na jina la NBC ziliuzwa kwa benki ya ABSA ya Afrika Kusini mwaka 2000. Bima ilifunguliwa kwa sheria ya 1996. Aliyehama kutoka NBC kwenda benki mpya alibaki katika sekta. Aliyefungua duka kwa kiinua mgongo alitoka humo kimyakimya.

Tafiti za nguvukazi za 2006 na 2014, zilizoonyesha Dar es Salaam kando na miji mingine, ziliwauliza watu majumbani badala ya kutegemea waajiri. Wakati huo mwainisho ulikuwa umebadilika tena: toleo la 1990 lilizipa fedha na bima fungu lao peke yao. Lakini kazi zenyewe zilikuwa zikikimbia fungu hilo. Mlinzi wa benki aliyeajiriwa na kampuni ya ulinzi huhesabiwa katika huduma za utawala na usaidizi, hata kama amesimama mlango uleule kwa miaka kumi. M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu, ilipoingia nchini mwaka 2008, kibanda cha wakala kilianza kupokea na kutoa fedha Kariakoo na Mbagala. Mwenye kibanda anayeuza pia soda na vocha huenda akaandikwa muuza duka. Hapo karani wa fedha amerudi kwenye fungu la biashara, alikokuwa mwaka 1958, ila safari hii hana mshahara.