Historia ya Utambuzi wa Polipu za Utumbo Mpana kwa Hadubini na Maana yake kwa Wagonjwa wa Bariadi, Mkoani Simiyu

Insha hii inajadili jinsi polipu za utumbo mpana zilivyokuja kutambuliwa kuwa dalili za awali za saratani. Hoja kuu ni kwamba uchache wa polipu katika kumbukumbu za hospitali hauthibitishi uchache wake miongoni mwa watu.

Mwaka 1928, Lockhart-Mummery na Dukes wa Hospitali ya St Mark's, London, walieleza mabadiliko ya tishu yanayotangulia saratani. Mwaka 1975, Muto, Bussey na Morson waliimarisha hoja kuwa saratani nyingi za utumbo mpana huanzia kwenye adenoma. Adenoma hutambuliwa kwa displasia: viini vya seli hurefuka, hukoza rangi na kupangana kwa tabaka. Displasia ikizidi, tezi hupoteza mpangilio wake. Seli zikipenya safu nyembamba ya misuli iliyo chini ya utando wa ndani, hiyo huwa saratani vamizi. Adenoma yenye umbo la vidole kwa zaidi ya asilimia 75 huitwa vilasi, nayo ina hatari kubwa kuliko ile ya tubula.

Mwaka 1971, Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi Uganda, alihusisha uchache wa saratani hii Afrika na vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi. Hata hivyo, nadharia yake ilitegemea taarifa za hospitali, na polipu isiyotoa dalili haimfikishi mtu hospitalini.

Mwaka huohuo Hospitali ya Bugando ilifunguliwa jijini Mwanza, ikawa tegemeo la rufaa la Kanda ya Ziwa, ikiwamo Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu tangu 2012. Katika kanda hii kichocho cha tumbo huleta utata. Mayai yake hunasa katika ukuta wa utumbo na kuzusha vinundu vinavyofanana na adenoma kwa macho. Vyote viwili huweza kusababisha damu kwenye choo. Hadubini ndiyo huonesha yai lenye mwiba ubavuni lililozingirwa na granuloma, au tezi zenye displasia.

Hivyo basi, mgonjwa anayetibiwa kichocho pekee bila tishu yake kuchunguzwa anaweza kubaki na adenoma ambayo ingeweza kuondolewa mapema. Historia ya ugonjwa huu Simiyu haiwezi kutenganishwa na historia ya huduma ya patholojia.