Wageni Wanakuja Kuona Nini Tabora?

Tafadhali sogeeni karibu na redio, na kila mtu awe na daftari na kalamu yake. Leo tuko katika somo la historia, na safari yetu ni ya Tabora.

Mgeni akishuka kwenye stesheni ya Tabora, mara nyingi swali lake la kwanza ni hili: "Nyumba ya Livingstone iko wapi?" Basi twende naye huko. Tukiwa njiani nitawauliza na mimi swali langu. Nyumba ile inatukumbusha nani?

Nyumba yenyewe iko Kwihara, kilomita chache nje ya mji, upande wa kusini-magharibi. Ni tembe. Hilo ndilo neno letu la kwanza leo. Liandikeni: te-mbe. Msidhani ni tembe ya dawa. Tembe hii ni nyumba ya udongo yenye kuta nene na dari ya bapa, yaani paa halikuinuka juu kama la msonge. Miti hupangwa juu ya kuta, kisha hufunikwa kwa udongo. Katikati mna ua, na vyumba vinauzunguka. Ndani hakuingii joto jingi, na mwizi hapati njia rahisi. Lakini udongo hunyeshewa, na mchwa hula miti. Nyumba tunayoiona leo imejengwa upya mahali pa ile ya zamani, na hata hiyo yataka kutengenezwa kila mara. Ndani mmewekwa vitu vichache vya kumbukumbu.

Sasa sikilizeni habari yake. Mwezi wa Juni 1871 alifika hapo mwandishi wa gazeti la New York Herald, jina lake Henry Morton Stanley. Alitumwa kumtafuta David Livingstone, daktari na mmisionari wa Scotland, ambaye habari zake zilikuwa zimepotea barani. Waarabu wa Unyanyembe walimpa Stanley nyumba ya Kwihara akae kama mgeni wao. Wakati huo njia ya kwenda Ujiji ilikuwa imefungwa na vita. Mtemi Mirambo wa Urambo alikuwa amegombana na Waarabu kwa sababu ya biashara na njia. Mwezi wa Agosti Mirambo aliuingia mji wa Tabora wenyewe na kuzichoma moto nyumba nyingi. Stanley, ambaye kwanza alitaka kusaidia katika vita hivyo, aliona mambo yamekuwa makubwa. Akazunguka kwa kusini, akafika Ujiji mwezi wa Novemba, akamkuta Livingstone.

Wawili hao walirudi pamoja Kwihara mwezi wa Februari 1872. Mwezi wa Machi Stanley akashika njia ya pwani. Livingstone akabaki katika tembe ile mpaka tarehe 25 Agosti, yaani zaidi ya miezi mitano. Je, alikuwa akingoja nini? Hakuwa akingoja mvua wala ruhusa. Alikuwa akingoja wapagazi. Stanley aliahidi kumpelekea watu kutoka pwani, na walipofika, watu 57, ndipo Livingstone alipoondoka.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo, kwa sababu hapo ndipo mgeni hupita haraka. Huonyeshwa chumba cha mzungu, akapiga picha, akarudi mjini. Haulizi juu ya watu ambao bila wao mzungu yule asingeweza kwenda hata hatua kumi.

Neno letu la pili ni mpagazi. M-pa-ga-zi. Mpagazi ni mtu achukuaye mzigo kwa mshahara. Zamani zile, kutoka pwani mpaka Tabora, hapakuwa na gari wala reli. Punda na ng'ombe wengi walikufa njiani kwa ugonjwa wa mbung'o. Kila kitu kilikwenda juu ya kichwa au bega la mtu. Kutoka bara zilishuka pembe za ndovu. Kutoka pwani zilipanda nguo, shanga, bunduki, baruti, na waya za shaba. Nguo nyeupe iliyopendwa sana iliitwa merikani, kwa sababu ilifumwa Marekani. Nazo pembe zilivuka bahari, zikachongwa vitana na vibonye vya piano katika nyumba za matajiri wa Ulaya na Marekani. Yule aliyekaa kwenye piano jijini London au New York hakujua kwamba pembe ile ilipita Tabora kwenye bega la Mnyamwezi.

Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili. Frasila moja ni kama kilo 16, basi mpagazi alichukua kilo 30 na zaidi, tena pamoja na mkeka wake, chungu chake, na silaha yake. Kutoka Bagamoyo mpaka Tabora ni zaidi ya kilomita 800. Msafara mwepesi ulitumia miezi mitatu hivi. Waingereza wawili, Burton na Speke, walitumia siku zaidi ya 130, wakafika mwezi wa Novemba 1857. Wakati huo mahali penyewe waliita Kaze.

Alfajiri ngoma ililia. Kirangozi alitangulia, amevaa nguo nyekundu na manyoya kichwani, na wote wakamfuata mmoja mmoja katika njia nyembamba. Nyuma yao walikuja wanyapara, yaani wasimamizi. Neno hilo mnyapara tunalo mpaka leo, na mfanyakazi yeyote aliyewahi kusimamiwa analijua! Baada ya Mpwapwa ilikuwapo nyika ya Marenga Mkali, ambayo haina maji, na watu waliivuka wakienda hata usiku. Halafu Ugogo, ambako watemi walidai hongo kabla ya kuruhusu msafara kuteka maji. Zamani hongo haikuwa rushwa. Ilikuwa kodi ya njia, na ilijadiliwa kwa siku nyingi. Ndui nayo iliua watu wengi, wakaachwa kando ya njia.

Je, wapagazi hawa walikuwa watumwa? Swali hili lataka jibu la uangalifu. Njia hii ilipitisha watumwa wengi, waliofungwa kongwa shingoni, na huko Unguja soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 tu. Hatuwezi kuficha habari hiyo, na Tabora yenyewe ilikuwa na watumwa wengi mashambani na majumbani. Lakini Wanyamwezi waliochukua mizigo, wengi wao walikuwa watu huru. Walitoka nyumbani baada ya mavuno, wakapatana mshahara wa nguo, na baadaye pia wa fedha, wakarudi kulima. Kijana ambaye hajaona pwani alichekwa na wenzake. Msafara ukicheleweshwa posho, wapagazi walitua mizigo chini wakakataa kuondoka. Bwana mkubwa hata akifoka, mzigo ulibaki pale pale mpaka posho itoke.

Nasema hivi kwa sababu tangu mwaka 2006 Tanzania imeiweka njia hii katika orodha ya awali inayopelekwa UNESCO, pamoja na vituo vyake sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Ni jambo jema sana. Jina lililoandikwa ni njia ya biashara ya watumwa na pembe. Wapagazi hawamo katika jina hilo. Mjukuu wa mpagazi akisoma kibao, huenda akadhani kwamba babu yake alikokotwa kwa mnyororo, kumbe babu yake alipatana ujira.

Turudi Kwihara, kwa maana habari ya nyumba ile haijaisha. Livingstone alikufa mwanzo wa mwezi wa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani, wakaufunga kwa nguo na magome ya mti, wakaubeba. Mwezi wa Oktoba walifika Unyanyembe. Hapo walimkuta Mwingereza mwingine, Luteni Cameron, aliyekuwa njiani kumsaidia Livingstone. Cameron aliona ni afadhali mwili uzikwe papo hapo. Njia ya mbele ilikuwa na hatari, na watu wa vijiji vingi hawakupenda maiti ipite kwao.

Wale wachukuzi wakakataa. Walisema watamfikisha pwani. Basi wakafanya hila. Walikata mabua ya mtama, wakayafunga mfano wa maiti, wakawapa wenzao wayarudishe kuelekea Unyanyembe, kana kwamba wanakwenda kumzika. Wale wenzao wakayatupa porini. Mwili wenyewe walikuwa wameufunga upya kama robota la nguo, mzigo kama mizigo mingine, wakaupitisha bila mtu kujua. Walifika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874, baada ya safari ya miezi kama tisa. Huko walilipwa mshahara wao, wakaagwa. Livingstone akazikwa London, katika kanisa la Westminster Abbey, tarehe 18 Aprili 1874. Katika wale waliombeba, mmoja tu, Jacob Wainwright, alikuwapo kaburini. Maandishi ya jiwe la kaburi yanasema kwamba aliletwa na mikono yenye uaminifu. Majina ya wenye mikono hayakuandikwa.

Mgeni wetu sasa ameanza kuuliza maswali mengine. Anataka kujua nchi hii ilikuwa ya nani. Ilikuwa ya watemi wa Unyanyembe, na makao yao yalikuwa Kwikuru, karibu na Kwihara. Waarabu walikuja kwao kama wageni. Baada ya Mtemi Fundikira kufa, mwenye kiti alikuwa Mnywa Sere. Yeye aliwatoza Waarabu ushuru, nao wakamwondoa na kumweka Mkasiwa. Mnywa Sere aliishi porini akipigana nao mpaka alipouawa mwaka 1865. Baada ya Mkasiwa alikuja Isike, mwaka 1876. Huyu alikuwa na ngome yenye kuta imara, nayo iliwarudisha nyuma Wajerumani zaidi ya mara moja katika mwaka 1892. Mwezi wa Januari 1893 Luteni Tom von Prince aliishambulia tena. Kuta zilipovunjwa, Isike hakutaka kukamatwa. Aliilipua ghala yake ya baruti, naye yumo ndani. Mimi naona mgeni aliyekwenda chumba cha Livingstone asiulizie habari za Isike ameiona nusu ya Tabora.

Boma la Wajerumani lipo mjini. Limekuwa mali ya jeshi, kwa hiyo litazameni kwa mbali na kamera ikae mfukoni.

Stesheni ya reli nayo itazameni vizuri, kwa kuwa ndiyo iliyomaliza kazi ya mpagazi. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Njia iliyotaka miezi mitatu ikawa safari ya siku chache. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walihamishia serikali yao Tabora. Walipopungukiwa na fedha, mwaka 1916 walipiga sarafu za dhahabu hapo hapo mjini, zenye thamani ya rupia 15, na upande mmoja wakachora ndovu. Wanaokusanya sarafu za kale huzinunua kwa bei kubwa sana. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliuteka mji.

Pia mgeni aonyeshwe shule ya serikali ya Tabora, iliyoanzishwa kwa ajili ya watoto wa machifu. Julius Nyerere alisoma hapo tangu 1937. Baadaye alirudi Tabora kufundisha katika shule ya St. Mary's. Na mwezi wa Januari 1958 chama cha TANU kilikutana katika mji huu na kukata shauri la kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ambamo kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mhindi. Wengi walikuja wakitaka kuukataa. Nyerere aliwashawishi waukubali, na TANU ikashinda. Shauri lile likaitwa Uamuzi wa Busara. Habari hiyo ina somo lake peke yake, sitaimaliza leo.

Jambo la mwisho halina tikiti wala mlango. Ni miembe. Katika Tabora na kando ya njia ya kale mtaona miembe mikubwa, mingine imesimama kwa mstari. Mwembe ni mti wa pwani na ng'ambo, na misafara ndiyo iliyoupeleka bara. Mtu alikula embe kambini, akatupa kokwa.

Sasa kazi ya nyumbani. Posho ya mpagazi mmoja ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Msafara una wapagazi 50, na safari ni ya siku 90. Andikeni hesabu: vinatakiwa vibaba vingapi? Kazi ya pili ni hii. Muulizeni mzee mmoja wa mtaani kwenu kama katika ukoo wake alikuwako mpagazi, alipita vituo gani, na alirudi na nini. Andikeni jina la mpagazi huyo juu ya ukurasa, kwa herufi kubwa, kisha sentensi tano chini yake. Walimu wasaidizi wakusanye madaftari kabla ya somo lijalo. Siku hiyo tutapanda treni ya Kigoma tushuke Ujiji, penye ziwa.

Kwaherini.