Younes El Aynaoui: Mmoroko Aliyeanza kwa Kupiga Deki



Vijana wanaofuata kandanda wanamjua Neil El Aynaoui, kiungo wa Roma na timu ya taifa ya Moroko. Sisi tuliofika miaka arubaini tulilijua jina hilo mapema, kupitia kwa babake, Younes, mchezaji wa tenisi. Nimeulizwa habari zake na mpwa wangu, na nimeona niziandike hapa zimfae na mwengine.

Younes El Aynaoui alizaliwa Rabat tarehe 12 Septemba 1971. Mwaka 1990, akiwa na miaka 18, alikwenda Florida, Marekani, kwa wiki moja tu katika chuo cha tenisi cha Nick Bollettieri. Hapo ndipo alipoamua kuwa mchezo huu utakuwa kazi yake. Wazazi wake walitaka aendelee na masomo, na ada ya chuo hawakuimudu. Basi akajilipia kwa jasho lake: alisafisha ukumbi wa mazoezi, akaendesha basi la chuo, akafunga nyuzi za raketi na hata kulea watoto wa watu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huyu aliinama kwelikweli.

Matunda hayakuja upesi. Taji lake la kwanza katika mashindano makuu ya wanaume, ATP, alilipata Amsterdam mwaka 1999, akikaribia miaka 28. La pili lilikuwa Bucharest mwaka 2001. Mwaka 2002 ndio uliokuwa wake: alishinda Doha, akashinda Casablanca mbele ya watu wa kwao, kisha Munich. Kwa jumla mataji matano. Machi 2003 alifika nafasi ya 14 duniani. Pamoja na Hicham Arazi na Karim Alami, aliibeba Moroko katika Kombe la Davis, na zama zile Waarabu na Waafrika walikuwa na watatu wa kujivunia kwa pamoja.

Katika yale mashindano manne makubwa kabisa, alifika robo fainali mara nne: Australia mwaka 2000 na 2003, na Marekani mwaka 2002 na 2003.

Lakini linalokumbukwa zaidi ni la Melbourne, Januari 2003. Kwanza alimtoa Lleyton Hewitt, namba moja wa dunia, nyumbani kwake Australia. Kisha akakutana na Andy Roddick, kijana wa Marekani wa miaka 20. Walicheza karibu saa tano. Wakati ule seti ya tano haikuwa na njia ya mkato. Ni lazima mmoja aongoze kwa gemu mbili. El Aynaoui alibakisha pointi moja tu ashinde, Roddick akaiokoa. Seti hiyo peke yake ilikuwa ya gemu 40, na Roddick akaimaliza 21-19. Katikati ya uchovu ule, wawili hao waliwapa raketi vijana waokota mipira wacheze kidogo, nao wakapumua. Mimi nilikuwa chuoni, nikasikia matokeo redioni. Nilisikitika kama aliyefungwa ni ndugu yangu.

Baada ya hapo majeraha yalimwandama. Hata hivyo alirudi uwanjani Doha Januari 2010, akiwa na miaka 38, akashinda mechi moja kabla ya kutolewa, na hapo akaaga.

Sasa huyu mpwa wangu. Jioni akitoka madrasa huenda kuokota mipira katika klabu moja hapa Mombasa, na wenyewe wakiondoka huazima raketi. Nyumbani anaambiwa tenisi ni mchezo wa matajiri, aache. Aliniuliza kama kuna mtu asiyekuwa na ada aliyewahi kufika. Jawabu ndilo hili nililoliandika.

Simwambii aache shule. Si kila mwenye raketi atafika nafasi ya 14, na aliyefika alingoja miaka tisa apate taji la kwanza. Ninachowaomba wazazi wenzangu ni kwamba, kabla ya kumnyang'anya mtoto raketi, tumwendee kiwanjani angalau jioni moja tumtazame akicheza. Mimi nitakwenda Jumamosi hii, inshallah, na babake nitamchukua.