Vikaragosi Vilivyofundisha Herufi

Jioni ya leo katika somo letu la historia tutazungumza habari za watoto wadogo ambao bado hawajaanza shule, na habari za katuni, yaani vikaragosi vya kuchorwa vinavyoonekana kutembea na kusema. Wengi husema hizo ni mchezo tu. Sikilizeni mambo yaliyotokea Marekani.

Mwaka 1966, katika mji wa New York, Bibi Joan Ganz Cooney alialika wageni kwa chakula cha jioni. Mmoja wao, Bwana Lloyd Morrisett, mtaalamu wa saikolojia, alisimulia kwamba binti yake wa miaka mitatu huamka alfajiri na kukaa mbele ya televisheni hata kabla vipindi havijaanza. Tena watoto wa nchi ile walikuwa wakiimba matangazo ya bia kwa ghibu, na herufi hawazijui! Watoto wa maskini ndio walioumia zaidi, maana walianza darasa la kwanza wakiwa nyuma ya wenzao. Ikiwa tangazo fupi huweza kuuza bia, kwa nini lisifundishe herufi?

Basi kipindi cha Sesame Street kikaanza tarehe 10 Novemba 1969. Ndani yake mlikuwa na katuni fupi za herufi na tarakimu, zikirudiwa tena na tena. Lakini kazi haikuachiwa bahati. Bwana Edward Palmer alimketisha mtoto mbele ya televisheni, na kando akaweka picha nyingine zilizobadilika kila sekunde 7.5. Mtoto akigeuza macho, watengenezaji walijua kwamba hapo pamewashinda. Kisa kimoja cha mpelelezi wa alfabeti kilitupwa kabisa, kwa sababu kiliwachosha watoto. (Laiti sisi walimu nasi tungepimwa hivyo!)

Matokeo ya mwaka 1970 yalionyesha kwamba waliotazama zaidi ndio waliojifunza zaidi, hasa pale mama alipotazama pamoja na mtoto na kuzungumza naye.

Kwetu Tanzania, shirika la Ubongo lilianzishwa Dar es Salaam mwaka 2013. Katika katuni yake, Akili and Me, yumo Akili, msichana wa miaka minne akaaye chini ya mlima Kilimanjaro.

Sasa kazi ya nyumbani. Mwenye mtoto mdogo amchoree mchangani herufi M yenye macho na miguu, kisha aangalie mtoto anageuza macho wakati gani. Kwaherini.