Udongo wa Kuchoma Chini ya Miguu: Kutoka Ife Hadi Masagati

Masimulizi ya Wayoruba wa Nigeria yanamtaja Luwoo, mwanamke aliyewahi kukalia kiti cha enzi cha Ife. Inasemekana alichoshwa na tope lililomchafulia mavazi kila alipotoka, akaamuru njia na nyua za mji zisakafiwe. Watu wakakusanya vigae vya vyungu vilivyovunjika, wakavisimamisha kwa ubavu, kimoja kikimbana mwenzake, mpaka ardhi ikawa ngumu.

Awe alitoa amri hiyo au la, sakafu zenyewe zipo. Wanaakiolojia wamezifukua, na nyingi ni za kati ya karne ya 12 na ya 15. Vigae vimepangwa kwa safu zilizonyooka au kwa mtindo wa mifupa ya samaki, na pengine mistari ya kokoto nyeupe imepitishwa katikati. Katika baadhi ya nyua, shingo ya chungu imezikwa sakafuni ili kumiminiwa kinywaji cha sadaka. Hii ni kazi ya watu waliouheshimu uwanja wa wote kama walivyouheshimu ukumbi wa mfalme.

Mmoja wa waliochimba Ife miaka ya mwanzo ya 1970, Peter Garlake, aliijua pwani yetu kabla ya kufika huko. Mwaka 1966 alichapisha kitabu kuhusu majengo ya kale ya Kiislamu ya Afrika Mashariki. Kwetu mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Jumba la Husuni Kubwa, Kilwa, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14, ni la mawe ya matumbawe na chokaa. Kauri ilipanda ukutani: bakuli na sahani za China zilipachikwa kwenye makaburi ya Kunduchi na Mambrui, nje kabisa, mahali ambapo kila mpita njia aliziona. Waswahili wa kale walijua kwamba kauri inastahimili jua na mvua. Nadhani ilikuwa ghali mno kukanyagwa, na chokaa ilikuwa tele.

Bonde la Kilombero, mbali na pwani hiyo, halina matumbawe. Lina mito, mpunga na udongo. Masika ikishika, kutoka Ifakara kwenda Mlimba hadi Masagati, tope linatawala, na mama anayeuza ndizi gulioni hutandika turubai juu ya maji. Wakati huohuo, nyumba nyingi zimesimama kwa matofali ya kuchoma yaliyofyatuliwa papo hapo, mengine yakiivishwa kwa pumba za mpunga badala ya kuni. Ufundi tunao tayari. Tumeupeleka wote ukutani.

Bangladesh, nchi nyingine ya mpunga na mafuriko, haina mawe ya kutosha ya kujengea barabara. Vijijini huko matofali ya kuchoma hupangwa kwa ubavu, kwa mtindo uleule wa mifupa ya samaki, na mikokoteni na pikipiki hupita juu yake. Uholanzi nayo imetandaza matofali magumu mitaani kwa karne nyingi.

Siri iko motoni. Tofali lililoiva nusu hunywa maji, likalainika na kumegeka. Lililokaa karibu na midomo ya tanuru huiva kupita kiasi: linakuwa jeusi, linapinda, na ukiligonga linalia kama chuma. Fundi wa ukuta hulitupa kwa sababu limepoteza umbo. Njiani ndilo linalofaa kuliko yote, kwa kuwa maji hayaliingii kwa urahisi.

Siku hizi vigae vya viwandani kutoka Mkuranga na Chalinze vinafika hata maduka ya mbali, na wapo wanaotamani kuvitandaza kwenye viwanja vya wazi kwa sababu vinang'aa. Kwa sebuleni ni vizuri. Nje, kigae laini kikilowa kinateleza, na anayeanguka ni bibi aliyebeba ndoo.

Kusakafia kwa matofali ya kuchoma, gulio moja la Masagati lingetosha kuanzia. Kiangazi, ardhi ichimbwe kiasi, ishindiliwe na kuwekewa mchanga. Matofali yaliyoungua sana yasimamishwe kwa ubavu na kubanwa pembeni kwa safu iliyojengwa kwa saruji, huku uwanja mzima ukiinamia mfereji. Tofali likivunjika linang'olewa peke yake na kuwekwa jingine, bila kubomoa uwanja na bila kusubiri mkandarasi kutoka mjini.