Elekeza upya, ukurasa wa hitilafu

elekeza upya kt. (kompyuta) Kwa seva: kumpeleka mtumiaji kutoka anwani aliyoifungua hadi anwani nyingine. Nomino: *uelekezaji upya*.

ukurasa wa hitilafu nm. Ukurasa unaoonyeshwa pale seva inaposhindwa kutoa ulioombwa.

Matumizi

Mwaka 2012 Wilaya ya Kakonko ilimegwa kutoka Kibondo, na Buhigwe kutoka Kasulu. Kurasa za tovuti nazo huhama vivyo hivyo, na seva hutaja aina ya uhamisho kwa namba: 301 ni kuhama daima, 302 ni kuhama kwa muda. Kwa 301 isiandikwe “umehama moja kwa moja”, kwani huweza kueleweka kuwa “bila kupitia kwingine”. “Umehama kabisa” hauna utata.

*Haupatikani* na *umeondolewa*. Namba 404 husema tu kwamba ukurasa haukuonekana; 410 husema umeondolewa kwa makusudi. Neno “haupatikani” limezoeleka katika simu: asiyepatikana sasa huenda akapatikana baadaye. Mkazi wa Kasulu anayetafuta fomu kwa simu atajaribu tena na tena hadi bando liishe. Heri kuandika: “Hakuna ukurasa kwenye anwani hii,” kisha kumpa kiungo cha mahali fomu ilipo.

*Kosa* na *hitilafu*. “Kosa” humtwika mtu lawama, ilhali mara nyingi msomaji amebofya tu kiungo kilichokufa. “Hitilafu” hutaja kasoro bila kumlaumu mtu.

Kutafuta chanzo cha tatizo

1. Kivinjari kikieleza kuwa ukurasa umeelekezwa mara nyingi mno, huenda kanuni mbili zinarudishiana: ya kwanza yapeleka kwa ya pili, na ya pili yarudisha kwa ya kwanza. Mojawapo ifutwe.
2. Uelekezaji wa 301 huweza kubaki katika kumbukumbu ya kivinjari hata baada ya kusahihishwa. Jaribio lianze kwa 302, na likaguliwe katika dirisha la faragha.
3. Katika seva ya Apache, agizo ErrorDocument lipewe njia ya ndani, mathalani /hakuna.html. Likipewa anwani kamili inayoanza na https, seva humwelekeza msomaji huko, na namba 404 hupotea. Ukurasa husomeka vizuri machoni, lakini mitambo ya utafutaji haielezwi kwamba anwani ya awali imekufa.

Taz. pia: anwani, kiungo, kivinjari, seva.