Baisikeli ya Mwanafunzi katika Nchi ya Mchanga

Mji wa Garissa umesimama ukingoni mwa Mto Tana, upande wa mashariki, kiasi cha kilomita 370 kutoka Nairobi. Mtu akivuka daraja kutoka Madogo huona mbele yake nchi tambarare kama mkeka uliotandikwa: mchanga, migunga na vichaka, hata macho yachoke. Katika nchi hiyo wanafunzi wengi wa shule za kutwa huenda shuleni kwa miguu kila asubuhi. Wengine hutoka mtaa wa jirani. Wengine huanza safari kabla ya macheo, maana jua likisha kupanda mchanga huwaka chini ya viatu. Mwanafunzi wa namna hiyo hufika darasani amekwisha kutumia nusu ya nguvu zake, na jioni akirudi nyumbani hana ila usingizi.

Kwa hiyo si ajabu mzazi wake akifikiri juu ya baisikeli. Lakini baisikeli ni mali. Kwa mfugaji ni mbuzi kadha wa kadha walioondoka zizini, na mbuzi akisha kuuzwa hamzalii tena mwenyewe. Mzazi akinunua chombo kikavunjika kabla mwaka haujaisha, amepoteza mbuzi na baisikeli pia, na mtoto amerudi kutembea kwa miguu. Basi swali la baisikeli ipi inafaa, na kwa bei gani, si swali dogo. Katika insha hii tutalitazama kwa njia ya historia. Baisikeli zinazouzwa leo hazikuzuka ghafula. Kila aina ina asili yake, na asili hiyo yatueleza chombo kilitengenezwa kwa barabara za namna gani.

Mwaka 1815 mlima Tambora, katika nchi iitwayo sasa Indonesia, ulilipuka kwa nguvu nyingi, na majivu yake yakafifiza jua. Mwaka uliofuata mavuno yaliharibika katika sehemu nyingi za Ulaya. Mwaka 1817 Mjerumani mmoja, Karl von Drais, alionyesha mjini Mannheim chombo cha mbao chenye magurudumu mawili. Hakikuwa na pedali. Mpandaji alijisukuma kwa kukanyaga ardhi. Wapo wadhanio kwamba uhaba wa chakula cha farasi ndio uliomfanya atafute chombo kisichokula nyasi, na wapo wasiokubali hayo. Walakini mfugaji wa Garissa aliyewaona punda wake wakianguka wakati wa ukame hatashindwa kuielewa fikira hiyo.

Katika miaka ya 1860 mafundi wa Ufaransa walitia pedali kwenye gurudumu la mbele. Baadaye gurudumu hilo likakuzwa mno ili chombo kiende mbio, hata mpandaji akakaa juu kama mtu aliyepanda ngamia, na kuanguka kwake kulikuwa kwa hatari. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, akatengeneza baisikeli ya magurudumu yaliyokaribia kulingana, yenye mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma. Umbo hilo ndilo tunalolijua hata leo. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, aliyekuwa daktari wa mifugo mjini Belfast, akapata hati ya ubunifu wa tairi la kujazwa upepo, alilokuwa amelijaribu katika baisikeli ya magurudumu matatu ya mwanawe mdogo. Robert Thomson alikuwa amelibuni tairi la namna hiyo katika miaka ya 1840, lakini wakati ule halikupata soko.

Hapo mwanzo baisikeli ilikuwa chombo cha wenye fedha. Ilishuka bei viwanda vilipoongezeka, na mwanzoni mwa karne ya 20 mfanyakazi wa Uingereza aliweza kuipanda kwenda kazini. Baisikeli iliyopendwa na wafanyakazi ilikuwa nyeusi, nzito, ya chuma imara, yenye magurudumu ya inchi 28 na breki za vyuma virefu badala ya nyaya. Haikuwa na mbio. Sifa yake ilikuwa kudumu. Baisikeli hiyo ndiyo iliyoenea Afrika ya Mashariki pamoja na wamisionari, makarani na wafanyabiashara. Wakulima wa pamba na kahawa wa Buganda wakainunua kwa fedha za mavuno, na katika Kenya ikaja kuitwa Black Mamba. Mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Busia, vijana waliitumia kuvusha abiria, na huko ndiko lilikotoka jina la bodaboda.

Uingereza haikubaki peke yake katika kazi hiyo. India ilipata uhuru mwaka 1947. Mwaka 1951 kiwanda cha Atlas kilianzishwa Sonipat, na mwaka 1956 Hero kikaanza kutengeneza baisikeli Ludhiana. Katika China, baisikeli ya Flying Pigeon ilianza kutengenezwa Tianjin mwaka 1950. Viwanda hivi vilifuata umbo lile lile la baisikeli nzito ya Kiingereza, kwa sababu wateja wao walikuwa watu wa vijiji, wenye barabara mbovu na mizigo mingi. Ndiyo maana baisikeli ya namna hiyo imedumu katika nchi zetu miaka mingi: ilitengenezwa kwa watu wenye hali kama yetu.

Kwa nini, basi, baisikeli haikuenea Kaskazini Mashariki kama ilivyoenea Nyanza au Buganda? Sababu ya kwanza ni nchi yenyewe. Mvua ni haba, mchanga ni mwingi, na watu wake walikuwa wafugaji waliofuata malisho. Ngamia aliwatosha kwa safari na mizigo. Sababu ya pili ni utawala. Sheria ya Wilaya za Mbali ya mwaka 1902 iliwawezesha Waingereza kuifunga sehemu hiyo, mtu asiingie bila ruhusa, na sheria nyingine ya mwaka 1934 ikazidi kuwabana wenyeji katika mwendo wao. Shule zilikuwa chache mno, na biashara ya kutoka Kenya ya kati na pwani ilipita kwa taabu. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, vita vya Shifta vilianza, vikaendelea hata mwaka 1967. Na kanuni za hali ya hatari katika mkoa huo hazikuondolewa mpaka mwaka 1991. Mahali ambapo mtu hukaguliwa kila aendapo, wenye maduka na mafundi hawaji kwa wingi.

Tangu hapo mambo yamebadilika sana. Ukame uliorudi mara kwa mara uliwaondolea watu wengi mifugo, wakahamia mijini; Garissa ikazungukwa na mitaa iitwayo bula, kama vile Bula Iftin. Mwaka 2003 serikali ya Kenya iliondoa karo katika shule za msingi, na mwaka 2008 ikaanza kulipia masomo ya shule za sekondari. Wanafunzi wa kutwa wakaongezeka, na suala la kwenda shuleni na kurudi likawa la kila siku kwa jamaa nyingi.

Kuna jambo moja la mji huu ambalo lafaa kukumbukwa hapa. Mwaka 1996 Shirika la Huduma za Maktaba la Kenya lilipotaka kuwapelekea wafugaji vitabu, halikutegemea magari, ambayo hukwama mchangani. Lilianza na ngamia watatu kutoka Garissa, waliobeba masanduku ya vitabu na hema la kusomea. Chombo kilichaguliwa kwa kuitazama nchi kwanza. Mwenye kununua baisikeli naye yampasa kuanza hapo hapo.

Na tuitazame nchi. Kwanza, ni tambarare. Baisikeli yenye gia nyingi ilibuniwa kwa ajili ya milima, na katika Garissa mtu huweza kwenda mwaka mzima bila kupanda kilima. Gia huongeza bei, huongeza vipande vya kuharibika, na vumbi likiingia ndani yake huzila haraka. Pili, mchanga wake ni laini. Tairi jembamba huzama, na mpandaji hulazimika kushuka na kusukuma. Tairi pana hupita juu. Hapo ndipo Black Mamba ishindwapo, ijapokuwa fremu yake ni imara, maana tairi zake ni nyembamba. Tatu, kuna miiba ya migunga na mbigiri, adui wa kila mpira. Nne, kuna jua kali, ambalo hulegeza gundi ya viraka na kuikausha mipira.

Aina tatu za baisikeli ndizo zinazopatikana kwa urahisi katika miji ya Kenya. Ya kwanza ni ile nzito ya umbo la zamani. Ya pili ni mpya za bei nafuu zilizotengenezwa kwa mfano wa baisikeli za milimani, zenye rangi za kupendeza, gia na springi. Ya tatu ni za mtumba, zilizokwisha kutumiwa ng'ambo, ambazo huingia kwa bandari ya Mombasa. Vijana wengi huipenda ya pili kwa macho. Lakini springi za bei ya chini hulegea upesi, na zikisha kulegea hakuna fundi wa kuzitengeneza. Tairi zake, hata hivyo, ni pana, na hilo ni jema. Ya mtumba huweza kuwa bora kuliko zote mbili, au mbaya kuliko zote, kwa kuwa ilitengenezwa kwa barabara za lami na vipuri vyake huenda visipatikane hapa.

Mwanafunzi wa Garissa aendaye njia ya mchanga na atafute baisikeli ya fremu ngumu isiyo na springi, yenye gia moja, na yenye tairi pana la inchi mbili hivi. Anayekaa karibu na barabara ya lami au ya changarawe ngumu huenda akafaidika zaidi na ile nzito ya zamani, hasa akiwa na mdogo wake wa kumpakia nyuma. Wote wawili, kabla ya kutoa fedha, na waende kwanza kwa fundi, si dukani. Na wamwulize: mpira wa namna gani unao? Spoki, mnyororo na breki za baisikeli gani huzipata sokoni kila wakati? Kipuri kikiagizwa Nairobi, baisikeli hukaa nyumbani juma zima, na mwanafunzi hurudi kwenye miguu yake. Wazee walisema kweli kwamba rahisi ni ghali.

Tena bei ya dukani si bei yote. Yafaa kuweka kando fedha za pampu, viraka, gundi, kufuli na mpira wa akiba. Tuseme mzazi ana fedha za baisikeli mpya tu, bila kubaki na senti. Ni afadhali achukue iliyotumika yenye fremu nzima, abaki na fedha za kuitunza. Mnyororo upanguswe kwa kitambaa kikavu kila juma na kutiwa mafuta kidogo tu, maana mafuta yakizidi hushika mchanga, na mchanga hula chuma kama msasa. Baisikeli iwekwe kivulini wakati wa masomo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Limebaki jambo la wasichana, na si haki kulipita. Katika nyumba nyingi baisikeli ikinunuliwa hupewa mvulana, na msichana akaambiwa kwamba shule iko mbali. Mwaka 2006 jimbo la Bihar, katika India, lilianza kuwapa wasichana walioingia darasa la tisa fedha za kununua baisikeli. Wachumi Karthik Muralidharan na Nishith Prakash waliuchunguza mpango huo. Waliona kwamba uandikishaji wa wasichana katika shule za sekondari uliongezeka kwa asilimia 32, na tofauti kati yao na wavulana ikapungua kwa asilimia 40. Ongezeko hilo lilionekana hasa katika vijiji vilivyokuwa mbali na shule, kilomita tatu au zaidi. Wasichana hao walikuwa wakienda pamoja kwa makundi, na wazee wao walizoea kuwaona njiani.

Bihar si Garissa, na kila jamaa ina desturi zake za heshima. Lakini chombo hiki chaweza kufuata desturi hizo. Iko baisikeli isiyo na chuma cha juu, ambayo mwenye vazi refu huipanda bila kuinua mguu sana. Na kiko kifuniko cha mnyororo kizuiacho nguo isinaswe. Msichana akinunuliwa ya namna hiyo, akaenda na wenzake wawili watatu wa mtaa mmoja, umbali wa shule hautakuwa tena sababu ya kumkalisha nyumbani.

Hayo yote hayaondoi wajibu wa wakubwa wa kujenga shule karibu na watu na kuzitengeneza njia. Baisikeli haivuki mafuriko, kama yale yaliyoikata barabara ya Garissa mwezi wa Aprili mwaka 2024, wala haimfundishi mtu hesabu. Kazi yake ni ndogo na ya wazi: kumfikisha mwanafunzi darasani mapema, akiwa na nguvu za kusoma, na kumrudisha nyumbani kabla ya giza. Baisikeli iliyoshindwa kazi hiyo ni ghali hata ikiwa ilinunuliwa kwa bei ya mbuzi mmoja. Nawe msomaji, siku utakapokwenda na mzazi wako kuchagua yako, usianze kwa kutazama rangi yake. Ikumbuke njia yako, kutoka mlangoni pako hata lango la shule: wapi pana mchanga, wapi pana miiba, na wapi anakaa fundi.